Aliyeigawa Dunia Vipande 42

Risk nilifundishwa Paris mwaka 1976, katika bweni la wanafunzi wa kigeni. Jumamosi usiku tuliondoa vitabu mezani, tukatandaza ramani ya dunia yenye maeneo 42, kila mtu na majeshi ya rangi yake, dadu zikaanza kulia. Mwenzangu wa Lubumbashi, ambaye tulielewana kwa Kiswahili kuliko kwa Kifaransa, siku zote aliitamani Kongo. Pasipoti yake iliandikwa Zaire, kwa kuwa Mobutu alikuwa amelibadilisha jina tangu 1971, lakini ubaoni nchi ilikuwa bado Kongo. Akiipata husema, “Ndugu yangu, hapa ni kwetu, sitoki.” Alitoka, tena mapema. Mimi niliitaka Afrika Mashariki, na si kwa uzalendo mtupu: pale ubaoni inapakana na maeneo mengine yote matano ya Afrika, hivyo anayeishika anatisha kote na anapigwa kutoka kote. Dadu zikilingana, anayejilinda ndiye mshindi. Sheria hiyo ilitugombanisha kuliko siasa.

Habari za mbunifu tulizipata kwa bawabu wa bweni, Mfaransa wa makamo. Alisimama mlangoni akatutazama tunavyomalizana, akasema mchezo ule ni wa Albert Lamorisse, yule wa Le Ballon rouge. Nilibisha. Filamu hiyo nilikuwa nimeiona Dar: mtoto na puto jekundu linalomfuata mitaa ya Paris, maneno machache mno. Mtu wa upole ule ndiye wa kutufundisha kuivamia Madagaska?

Ndiye. Lamorisse, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1922, kazi yake hasa ilikuwa filamu. Puto lile lilimpatia Palme d'Or ya filamu fupi kule Cannes mwaka 1956, kisha Oscar ya uandishi, na hapo mimi hucheka: tuzo ya maandishi kwa filamu ambayo watu wake ni nadra kusema! Mwaka 1957 kampuni ya Miro ikatoa mchezo wake, La Conquête du Monde. Miaka miwili baadaye Parker Brothers waliuingiza sokoni Marekani kwa jina la Risk, nalo ndilo lililobaki.

Nikizipanga kazi zake leo, naona alipenda kuitazama dunia kutoka juu. Alibuni hata mtambo wa kupigia picha ndani ya helikopta bila picha kutikisika, akauita Hélivision. Na helikopta ndiyo iliyomuua, Juni 1970, akipiga filamu Iran karibu na bwawa la Karaj, iliponasa kwenye nyaya. Alikuwa na miaka 48. Mkewe na mwanawe waliimalizia filamu kwa kufuata maandishi aliyoacha. Ilitoka 1978, ikapendekezwa kuwania Oscar. Sisi tulipokuwa tukibishania dadu, kazi yake ya mwisho ilikuwa bado haijakamilika.

Vijana mnaocheza Risk kwenye simu, itafuteni Le Ballon rouge. Hata dakika 40 haifiki.