Paswedi ya Mama Mdogo

Darasani tunaambiwa tuseme nywila. Nyumbani kwetu ni paswedi tu, na mama mdogo akisema "yale maneno ya kuingilia" kila mtu anaelewa. Uite utakavyo, mwaka jana kitu hicho kiliisimamisha ofisi yake ya Arlington siku tatu.

Mama mdogo ana biashara ndogo ya kuhudumia wazee majumbani. Kompyuta zake ziliunganishwa na kijana mmoja wa nyumbani, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akaunti ya msimamizi, ile yenye mamlaka juu ya akaunti nyingine zote. Kisha akahamia Houston. Jumanne moja programu ya mishahara ikadai paswedi ya msimamizi. Karani akabahatisha mpaka akaunti ikafungwa. Hilo peke yake si balaa: siku hizi Windows 11, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, hufunga akaunti dakika 10 ukikosea mara 10, halafu unajaribu tena. Balaa ni kwamba hakuna aliyeijua paswedi yenyewe, na Ijumaa watu 14 walikuwa wanangoja mshahara.

Kijana hakupokea simu. Binamu yangu akaleta habari ya Terry Childs, fundi wa mtandao wa jiji la San Francisco, ambaye mwaka 2008 aligoma kutoa paswedi, akawekwa ndani, na mwishowe akampa meya Gavin Newsom peke yake. Mwaka 2010 mahakama ikamtia hatiani. "Tumpeleke polisi," binamu akasema. Mimi niliona hapana. Childs alikuwa mwajiriwa aliyelipwa mshahara wake. Huyu wetu alikuwa anatudai.

Alhamisi mimi na baba tukashika barabara ya 45, saa nne hivi mpaka Houston. Kaka alitupokea vizuri, akampa baba shikamoo, akatuwekea chai.

"Mdogo wangu, paswedi haisemwi kwenye simu," akaniambia. Akanikumbusha Dallas: Aprili 2023 wezi waliingia kwenye mitandao ya jiji kwa akaunti iliyoibiwa, wakakaa humo karibu mwezi mzima, na Mei walipofunga mafaili wahudumu wa 911 wakawa wanaandika taarifa kwa mkono.

Nilimkubali nusu. Nusu nyingine ilikuwa dola 600 za kazi ambayo hajalipwa, na hakuitaja mpaka baba alipomuuliza.

Mama mdogo alipopigiwa alinyamaza kidogo, akasema pole mwanangu, akatuma hela palepale. Kaka akaandika paswedi kwenye karatasi na kuniagiza niibadilishe nikifika tu.

Ijumaa watu walilipwa. Sasa akaunti za msimamizi ni mbili: moja anayo mama mdogo, paswedi ya pili imo ndani ya bahasha iliyofungwa, benki. Karani ana akaunti ya kawaida. Baba mdogo ameomba nakala mara mbili. Hajapewa.