Mchombe mpaka Basel: mahesabu ya safari

Haya jamani, nimerudi kampasi. Likizo fupi imekwisha, tope la barabara ya Mngeta bado limeganda kwenye viatu vyangu hapa Morogoro. Wengi mmeniuliza ile safari ya Ulaya ipo au nilikuwa napiga soga tu. Ipo, ila imesogea mbele. Ngoja niwape mkanda mzima.

Mnakumbuka nilipata mwaliko wa kozi fupi ya wiki mbili, mambo ya maji na afya, mwezi Agosti, mjini Basel, Uswisi. Ada na malazi juu yao, nauli na viza juu yangu. Hosteli watu wakanicheka: kama ni Ulaya si uende Paris au Roma, Basel ndio wapi? Kwa mtu wa bonde la Kilombero hilo si swali. Profesa Rudolf Geigy, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa Basel mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949. Maabara ya Waswisi iliyojengwa pale miaka ya 1950 ndiyo iliyokua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Babu yangu alipokuwa kijana aliwabebea masanduku yao porini. Na tangu mwaka 1996 kuna watu wanaozunguka kaya kwa kaya kwenye vijiji vya Kilombero na Ulanga, wanaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Yaani miaka yote hiyo wageni ndio wanakuja kutuangalia sisi. Nikasema safari hii na mimi niende nikawaangalie kwao.

Basi nikaanza kuusoma mji. Chuo kikuu chao kilianzishwa mwaka 1460. Hapa SUA tumeanza 1984 na tayari kuna mabweni yanaonekana yamezeeka, teh teh! Mwaka 1356 tetemeko la ardhi liliubomoa mji, wakaujenga upya. Kanisa kuu lao ni la mawe mekundu, na humo ndimo alimozikwa Erasmus, yule mwanazuoni aliyefariki mwaka 1536. Uwanja wao wa ndege uko upande wa Ufaransa, maana mji umekaa pale zinapokutana Uswisi, Ufaransa na Ujerumani. Na ni hapohapo Basel, mwaka 1939, Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mimi niliyeugua malaria sijui mara ngapi, hayo maabara nataka niyaone hata kwa nje.

Ila kilichonikamata hasa ni vivuko. Mto Rhine unapita katikati ya mji, na pale kuna vivuko vinne vidogo visivyo na injini. Kila kimoja kimefungwa kwenye waya uliovuka mto, nahodha anakigeuza kidogo tu, mkondo wenyewe unakisukuma mpaka ng'ambo. Nilipofika nyumbani nikamsimulia Babu. Sisi tulivuka mto Kilombero kwa kivuko miaka na miaka, roho mkononi, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Babu akasikiliza, akauliza swali moja tu:

"Na mamba?"

Nikamwambia hakuna, tena wakati wa joto watu wanajitupa mtoni, nguo zao wamezifunga kwenye mfuko usioingiza maji, wanaelea na mkondo kurudi nyumbani kutoka kazini. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mto usio na mamba huo ni mfereji."

Sasa mahesabu. Pasipoti shilingi 150,000, hiyo nilishaikata kwenye bumu. Viza yuro 90, wakikunyima hairudi. Bima ya safari inayofika yuro 30,000. Kule Uswisi mgeni anatakiwa aonyeshe kama faranga 100 kwa siku, lakini mwanafunzi mwenye kitambulisho halali ni 30, hapo nikapumua. Kisha tiketi ya ndege, nilizoziona zilikuwa zinacheza kwenye milioni tatu. Halafu taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Akaunti yangu si mnaijua? Bumu linaingia Jumatatu, Ijumaa liko kwa mama ntilie.

Mwenzangu wa chumbani akanipa ujanja: azima milioni tano kwa mjomba, ziweke wiki moja, chukua karatasi, zirudishe. Nililala na hilo wazo siku mbili, siwafichi. Lakini afisa akiniuliza hizi zimetoka wapi ghafla, nitasema nini? Nianze safari kwa uongo, mlangoni kabisa?

Kumbe Baba naye alikuwa na mpango wake. Usiku wa pili nyumbani akaniambia ameshaongea na mtu wa kununua ekari mbili. Si ekari zozote, ni yale majaruba ya chini yanayoshika maji hata mvua ikikatika mapema. Anayejua Mchombe anajua ardhi ya namna hiyo ukishaiachia huipati tena.

"Baba, ni wiki mbili tu kule."

"Najua. Lakini utakuwa umefika."

"Na mpunga tutalima wapi? Na mdogo wangu mwakani anaenda chuo."

Akanyamaza. Mama alikuwa anapeta mchele pembeni, hakuinua uso. "Safari inaenda na kurudi," akasema. "Shamba likienda limeenda."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikatembea mpaka pale unapopatikana mtandao, nikawaandikia wenye kozi nikawaeleza ukweli, kwamba pesa yangu iko shambani na bado ni kijani. Siku mbili wakajibu: nafasi yako tunaihamishia mwakani.

Kwa hiyo mpango mpya ni huu. Mpunga tutavuna Mei na Juni, lakini hatuuzi wakati huo, maana kila mtu anauza na bei inakuwa ya kutupa. Unakaa stoo mpaka Desemba, Januari, ndipo magunia yangu yanatoka kidogo kidogo na pesa inaingia kwenye akaunti kwa jina langu, kila shilingi ina maelezo. Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mimi napeleka mapema. Baba amemrudia yule mnunuzi kumwambia basi. Hakufurahi sana, nadhani alitaka niende kwa jasho lake. Nimemwambia hata hayo magunia ni jasho lake.

Anayenipa mawazo ni Babu. Kaniagiza nipande kile kivuko kisicho na injini, nihesabu kinavuka kwa dakika ngapi, nimletee jibu. Nikamwambia Agosti mwakani. Ana miaka themanini na ushee, akatikisa kichwa tu, "Mwakani... haya." Hiyo haya yake ndiyo inayonirudia usiku.

Kesho kuna tesiti saa mbili asubuhi, acha nikasome. Tuombeane.