Nyimbo za Mwaka wa Milango Kufungwa

Mwaka 2020 ulipokuwa ukikwisha, redio zetu zilishika desturi ya kuzipanga nyimbo zilizovuma kwa hesabu ya waliozitazama mtandaoni. Sisi wa nyumba hii tuna hesabu yetu. Kwetu wimbo umevuma pale mama mtu mzima anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti i mkononi, na ukumbi mzima ukajua fika ni nani aliyekusudiwa kwa ubeti ule. Kwa kipimo hicho mwaka huo haukuwa na wimbo hata mmoja, kwani harusi hazikuwako.

Twasema hazikuwako, ingawa nikaha zilisomwa. Ya binamu yetu ilisomwa mwezi wa Aprili mbele ya watu wachache, kafyu ikianza saa moja ya jioni. Hapakuwa na vugo wala chakacha, na biharusi alipambwa na dada zake wawili tu.

Basi nyimbo zikatujia kwa simu. “Dusuma” ya Otile Brown na Meddy wa Rwanda wasichana wetu waliisikiliza kwa visikizi vya masikioni, kila mmoja na vyake. Hilo lilitusumbua kuliko maneno ya mapenzi yaliyomo. Taarabu husikilizwa na kikao kizima: shangazi hucheka, mama hukunja uso, na binti huchukua kwao maana ya fumbo na mpaka wa adabu pia. Asikilizaye peke yake hana wa kumtegulia. (Twajua wapo wasomaji ambao ala za muziki haziingii kabisa nyumbani mwao, na wanavyuoni wametofautiana katika hilo tangu kale. Hatubishani nao. Nasi Ramadhani ilipoingia tulizima yote, zikabaki kasida za watoto.)

Katikati ya mwaka ikawafikia wadogo “Jerusalema”, wimbo wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, pamoja na video ya vijana wa Angola wanaoucheza wameshika sahani za chakula. Watoto wakaucheza uani na sahani zetu, wasijue neno moja la Kizulu. Mmoja akauliza Jerusalema ni nani. Tukamweleza kuwa ni mji, nao ndio Baytul Maqdis, ulipo Msikiti wa Al-Aqsa, kibla chetu cha kwanza, alikopelekwa Mtume (s.a.w.) usiku wa Isra, na kwamba wimbo wenyewe ni dua ya mtu aombaye kuongozwa, asiachwe hapa alipo. Mtoto akafikiri, kisha akauliza kama huko nako kumefungwa. Tulimwambia kweli: Al-Aqsa ilifungiwa waumini tangu Machi, ikafunguliwa mwisho wa Mei. Akataka kujua wetu wa mtaani utafunguliwa lini, na hilo hatukuwa na jibu lake.

Lakini wimbo wa mwaka kwetu ni mwingine. Mnamo tarehe 6 Mei serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa, asiingie mtu wala asitoke, na siku 15 za kwanza zikaongezwa hadi mwezi wa Juni. Bibi yetu alikuwa ndani, sisi tuko Kisauni. Idd ikapita bila kumbusu mkono. Alipopiga simu hakulalamikia chakula. Alilalamikia kimya cha kichochoro chake.

Baada ya Idd mjukuu wake mmoja akamtumia “Mauzauza”, ambao Zuchu, mwimbaji aliyejitokeza Aprili hiyo, aliuimba pamoja na mama yake, Khadija Kopa. Msichana alimjua Zuchu peke yake. Bibi aliitambua sauti ya mama papo hapo, kwani miaka ya tisini aliyafuata kwa makini mashindano ya Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano, na mpaka leo hajakiri nani alishinda. Akauliza huyu mdogo anayeitikia ni nani. Alipoambiwa ni binti wa kumzaa, akanyamaza. Kisha akasema: “Nirushie tena, mwanangu.”

Kuanzia hapo walizungumza kila siku. Bibi akimfafanulia mjukuu mafumbo ya mipasho ya zamani, nani alimjibu nani na kwa neno gani, hata salio likakatika. Msichana aliviweka visikizi kando, akaifungulia simu sauti jikoni, sote tukasikia.

Mji ulipofunguliwa tulikwenda. Bibi alikuwa amekonda, shuka ya kitandani imetandikwa mpya kwa ajili yetu. Akaamuru wimbo uwekwe, akausikiliza hadi mwisho, akatoa noti ya shilingi mia chini ya mto na kuilaza juu ya simu. Mjukuu akauliza noti ni ya nani, yake au ya mwimbaji. Bibi akajibu kuwa aliyeimba hapa ni simu. Beti, alisema, ni chache mno ukizilinganisha na za Malika au Zuhura Swaleh, na zimeimbwa kwa haraka kama watu wanaokimbilia kafyu.