Mahali pa Kujificha



Mwezi huu ninaandika juu ya samaki, lakini si samaki wa mu chungu. Ni kambale wanaoishi mu sanduku la vioo, lile linaloitwa akwariumu. Ndugu wengine watacheka na kusema: kambale ni wa kukula na bukari, namna gani kumutengenezea nyumba? Wengine hawamukuli kabisa, juu hana magamba na Sheria ya Musa ilikataza samaki wa namna hiyo. Mabishano hayo tuyaache leo. Ninataka kuonyesha namna ya kumutayarishia kambale mahali pa kukaa vizuri, na jambo ambalo kazi hiyo ilifundisha nyumba yetu.

Mu mwaka wa 2021, mutoto wa marehemu mudogo wangu alikuja kukaa kwetu. Alikuwa na miaka 10. Baba yake alikuwa mumoja wa wale wachimbaji wa mikono tunaowaita creuseurs, na udongo ulimuangukia mu shimo. Mutoto hakulia mbele yetu. Lakini wageni wakifika, alikimbia nyuma ya kabati, ao aliingia chini ya kitanda, na hakusalimia mutu. Watu wa familia walituambia: «Mumutoe pale kwa nguvu, atazoea. Mutoto wa pasta namna gani hasalimie watu?»

Mwaka uleule, ndugu mumoja wa kanisa alihama, akatuachia sanduku lake la vioo. Lina urefu wa metre 1 na upana wa santimetre 40. Ukitia maji mupaka santimetre 40 kwenda juu, unapata litre 160, ni kusema bidon 8 za litre 20. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 160, kwa hiyo meza ya kawaida haiwezi. Fundi wa chuma alitutengenezea meza yenye miguu sita.

Watu wengi wananunua samaki kwanza, kisha wanatafuta mahali pa kumuweka. Lakini mu kitabu cha Mwanzo, Mungu alitengeneza maji mbele, na samaki walikuja siku ya tano. Ni utaratibu muzuri. Maji ya robine yana klore, dawa ya kuua vidudu, nayo inaumiza samaki. Tulikuwa tunayaacha mu bidon wazi siku muzima kabla ya kuyamwaga mu sanduku. Tena kuko jambo lisiloonekana kwa macho. Uchafu wa samaki unatoa sumu inayoitwa amonia. Ni vidudu vidogo sana, vinavyokaa mu muchanga na mu sifongo ya kuchujia maji, ndivyo vinageuza ile sumu ikuwe kitu chenye hakiumize sana. Kuzaana kwa vidudu hivyo kunaomba juma 4 mupaka 6. Mutu mwenye haraka anatia samaki kumi siku ya kwanza, na kisha juma moja anawazika.

Nilimupa mutoto kazi ya kuhesabu siku ku kalendari. Alikuwa anafanya alama kila asubuhi, bila kusema neno.

Chini ya sanduku tulitandika muchanga laini, wenye kuoshwa mara nyingi. Kambale anatafuta chakula chini kwa kutumia ndevu zake 8, na hana magamba ya kumulinda. Mawe yenye ncha kali yanamukata ndevu na tumbo. Na hapa nitaje jambo linalotuhusu sisi watu wa migodi. Muzee mumoja wa kanisa alituletea zawadi: jiwe kubwa la malakite, la kijani, lenye kungaa sana. Alisema litapendeza mu maji. Nilimushukuru, na jiwe liko mpaka leo juu ya kabati. Lakini mu maji halikuingia. Malakite ni madini ya shaba, na shaba ikiyeyuka mu maji, hata kidogo, ni sumu kwa samaki. Vilevile usitie waya wa shaba ao makuta ya chuma ya zamani, na usichote maji ku kijito chenye kupita mahali wanaposafishia madini.

Kisha tuliweka jambo kubwa kuliko yote: tiyo mbili za plastiki, nene sawa mukono wa mutu muzima, na chungu kimoja chenye kulazwa ubavu. Kambale ni samaki wa usiku. Mu mito na mu mabwawa anapumzika muchana chini ya mizizi na mu mashimo ya kando. Kama hana mahali pa kujificha, anazunguka-zunguka, anajipiga ku vioo, anakataa kula, anagonjwa. Watu wanafikiri mwangaza mwingi ni uzuri. Kwake yeye mwangaza ule ni mateso.

Juu tulifunika kwa mbao yenye matundu, na jiwe zito juu yake, kwa sababu kambale anaruka, na mu usiku wa mvua anaweza hata kutembea ku inchi kavu. Lakini kati ya maji na mbao tuliacha nafasi, juu yeye anapanda kuvuta hewa sawa sisi. Hiyo ni neema kwetu: umeme ukikatika na pompi ikisimama, yeye hafi mbio sawa samaki wengine. Mu mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, tunafunika vioo na blanketi usiku na tunapunguza chakula. Kambale anapenda maji ya digri 25 mupaka 30. Maji yakiwa baridi sana, hakuli, na chakula kinaoza.

Chakula tulimupa magaribi: kapenta wa kusagwa na minyoo ya udongo, kidogo tu. Bukari hapana, inachafua maji. Kila juma tunatoa robo ya maji na kurudisha mapya. Ile sifongo tunaiosha mu maji yaleyale yaliyotoka mu sanduku, si chini ya robine, ili vile vidudu vizuri visikufe.

Tuliingiza kambale wanne wadogo, wa ukubwa mumoja, juu mukubwa anakula mudogo. Siku ile ile wote waliingia mu tiyo. Wageni walifika, wakauliza: «Pasta, samaki iko wapi?» Walianza kugonga vioo. Ndipo mutoto alitoka nyuma ya kabati na kusema: «Musigonge. Anasikia. Akitaka, atatoka mwenyewe.»

Mama Pasta aliniangalia, nami nikamuangalia. Usiku ule tulizungumuza. Tulikuwa tumefunga masikio kwa wale waliotuambia tumutoe kwa nguvu, lakini mahali pake mwenyewe mutoto alikuwa hana bado; alilala mu chumba kimoja na watoto wetu watatu. Kesho yake, Mama alining'iniza rido mu kona ya chumba, akaweka kitanda kidogo na sanduku la vitu vyake. Tulikataza watoto kufungua ile rido bila kubisha. Wageni wakikuja, hakuna mutu alimuita.

Sitasema kama alibadilika mu siku mbili. Ilipita miezi. Kwanza alikaa karibu na akwariumu usiku, taa ikiwa ndogo, saa samaki wanatoka. Kisha alianza kufasiria wadogo wake juu ya ndevu na juu ya hewa. Siku moja, bila kuulizwa, alisema: «Baba Mukubwa, papa alikuwa anajua kuvua hawa.» Ilikuwa mara ya kwanza kumutaja baba yake. Ndipo alilia, na sisi tulilia naye.

Kambale anakua sana. Anaweza kupita metre 1. Sanduku la vioo ni la utoto wake tu. Wale wanne tuliwapeleka ku shimo la samaki la ndugu mumoja, na mutoto mwenyewe ndiye alibeba ndoo. Leo yuko mu sekondari. Hata sasa hasemi maneno mengi, lakini anasalimia.

Wapendwa, mu maeneo yetu ya migodi, nyumba nyingi zimepokea yatima. Tunawapa chakula, tunalipa masomo, na tunafanya vizuri. Lakini tuulize pia: mu nyumba yangu, huyu mutoto yuko na kona yake? Ao tumemuweka pa mwangaza ili majirani waone wema wetu? Methali 12:10 inafundisha kama mutu wa haki anajua mahitaji ya munyama wake. Kama ni hivyo kwa munyama, si zaidi kwa mutoto wa ndugu yako?

Bwana awabariki.