Mama Yao Yuko Wapi? Safari ya Unguja Pamoja na Watoto



Marehemu bibi yetu alikuwa akivuka kutoka Mombasa kwenda Unguja kwa jahazi, akipandia Bandari ya Kale, watoto wakimfuata nyuma na mkeka. Hati yake ilikuwa ni nahodha. Nahodha alimjua mumewe, na baba wa mumewe, na aghlabu alijua pia mtoto yupi ni wa nani. Isitoshe, hakuwa akienda nchi ya kigeni kwa maana ya leo. Hadi Desemba 1963 mwambao wetu wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, japo Waingereza ndio waliouendesha, na bendera nyekundu aliyoiacha Mombasa ndiyo aliyoikuta Unguja.

Yamkini ni hadithi hizo zilizotughuri. Tulipoazimia mwezi wa Agosti kwenda kumzuru dada yetu Unguja, hatukuiona safari kuwa ni ya ugenini. Mama watoto alibaki Mombasa akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Tukaondoka sisi na watoto wawili, binti wa miaka 11 na nduguye wa miaka 7. Tulikuwa na pasipoti tatu, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na kikapu cha mahamri, tukajiona tumekamilika. Likoni tulishuka basini tukavuka kwa feri katika msongamano wa alfajiri, na hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani. Tukapita Ukunda, tukapita Msambweni, na jua lilipopanda tukawa tumefika mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro.

Hapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Hatutaji aliyetuhudumia alikuwa wa upande gani, kwani kosa halikuwa lake.

"Shikamoo, sheikh."

"Marahaba."

Akafungua pasipoti moja moja, akazilaza mezani. "Mama yao yuko wapi?"

Tukamwambia yuko nyumbani. Akauliza kama tumebeba barua yake. Tukajibu, kwa sauti ambayo leo twaionea haya, kwamba jina letu limo ndani ya majina ya watoto, na kwamba tumesomesha Qur'ani kwa miaka 30 bila kuulizwa na mtu kama sisi ni wezi wa watoto. Hakukasirika. Aliinama, akamtazama mwanetu mdogo, akamwuliza kwa upole, "Huyu ni nani yako?"

Mtoto akajificha nyuma ya kanzu, kimya. Ni mwenye haya tangu utotoni. Lakini ukimya ule, mbele ya dirisha lile, ulitutoa jasho.

Dada yake ndiye aliyesema: "Ni Abba. Mama yuko kwa bibi, bibi ameanguka."

Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa Mombasa, ndani ya kasha. Simu ya mama watoto ililia bila kupokewa, kwa kuwa alikuwa hospitalini na mgonjwa wake. Utingo alikuja mara mbili kutuangalia, mara ya tatu akatushushia mizigo, na basi likaondoka. Tuliketi kwenye benchi na mahamri yetu.

Hapo ndipo alipotujia akilini mama mmoja aliyewahi kufika barazani petu, miaka kadhaa iliyopita, na picha ya shule ya watoto wake. Alikuwa ameachana na mumewe. Mume aliwachukua watoto wiki ya Idi, akisema anakwenda kuwanunulia nguo, na hakurudi. Baada ya siku nyingi alipiga simu kutoka nchi nyingine. Yule mama hakutuuliza dua wala fatwa. Aliuliza jambo moja tu: "Sheikh, njia yote ile, hakuna hata mmoja aliyemwuliza mama yao yuko wapi?"

Siku hiyo hatukuwa na jawabu. Kwenye benchi la mpakani tulimkumbuka, na ghadhabu ikatuisha.

Baada ya Adhuhuri mama watoto alipokea simu, akazungumza na afisa, akaandika barua kwa mkono, akaipiga picha pamoja na kitambulisho chake na kuituma. Jirani naye alifungua kasha akatuma picha za vyeti. Afisa alikubali kwa hisani yake. Alisema wazi kwamba mwingine angeweza kutokubali, na kwamba picha ya simu si hati. Tukalala Tanga usiku huo, na tiketi zetu za boti ya Dar es Salaam zikapotea.

Basi tuseme yale tuliyojifunza. Kila mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe. Kati ya Kenya na Tanzania hatuhitaji viza, lakini pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria, haikwepeki. Kadi ya chanjo hutolewa mara moja, na tangu 2016 huhesabiwa ni ya maisha, kwa hiyo ihifadhiwe. Cheti cha kuzaliwa kisafiri pamoja na mtoto, kwa sababu ndicho kinachotaja wazazi wote wawili. Kisha barua ya mzazi asiyesafiri. Humo aandike majina ya watoto kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi (Fatma na Fatuma ni watu wawili mbele ya dirisha), nambari za pasipoti, anayesafiri nao, mahali watakapofikia, siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na nambari ya simu ambayo itapokewa! Aitie sahihi mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo, na aiambatishe na nakala ya kitambulisho chake.

Mama ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya hati hizi, na jambo hili halisemwi vya kutosha miongoni mwetu. Mtoto wetu huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Mama hubaki na jina la baba yake mzazi, kama ilivyo desturi yetu. Pasipoti ya mama na ya mwanawe zikiwekwa pamoja huenda hazina hata jina moja linalofanana. Bila cheti cha kuzaliwa, aliyembeba mtoto miezi tisa hana cha kuonyesha. Mjane achukue cheti cha kifo cha mumewe. Na aliyeachwa asidhani kwamba cheti cha talaka kinatosha. Hicho chathibitisha kwamba ndoa imekwisha, wala hakisemi mtoto akae na nani. Kama upo uamuzi wa mahakama juu ya malezi, nakala yake ndiyo ya kusafiri nayo.

Wala wasomaji wasidhani kwamba haya ni mambo ya kizungu. Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba wazazi walioachana, mmoja wao akitaka kusafiri kwa haja kisha arudi, mtoto hubaki na yule asiyesafiri mpaka mwenziwe arejee. Safari ya kuhamia ina hukumu nyingine. Maana yake ni kwamba wanazuoni walikwisha kuuliza, kabla hakujakuwa na madirisha wala mihuri: unakwenda wapi, na utarudi lini?

Walio Ghuba nao wana lao. Zipo meli za matembezi ambazo msimu wa baridi hutoka Dubai, hupita Muscat, kisha hurudi Dubai baada ya siku chache. Mgeni aliyeingia Dubai kwa viza ya mara moja, meli ikishatoka, huwa ametoka nchi, na akirudi ataombwa idhini mpya. Mwenye watoto na aliulize kampuni ya meli mapema, kwa maandishi. Masharti hubadilika: Afrika Kusini mwaka 2015 ilianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa na idhini ya mzazi mwingine, kisha baadaye ikalegeza kwa wageni wengi.

Nasi tulivuka siku ya pili, saa mbili za boti kutoka Dar es Salaam, kusi ikivuma na bahari imechafuka. Mwanetu alitapika mahamri yote. Aliinua kichwa tulipoiona Beit al-Ajaib ikijitokeza pwani, akauliza kama huko nako tutaulizwa. Bandarini Malindi binti yetu alikuwa na bahasha mkononi kabla hatujafika dirishani.

Tangu siku ile bahasha hiyo hukaa kwenye kasha la pasipoti. Desemba hii mama watoto, pamoja na kaka yake, atawachukua watoto kwenda kwa jamaa zao Muscat. Wiki iliyopita alituletea karatasi na kalamu, akasema, "Sasa ni zamu yako kuniandikia." Tuliandika majina, tukalazimika kuuliza nambari za pasipoti, tukaandika mtaa watakapokaa. Tulipofika mahali pa tarehe ya kurudi, tuliinua kalamu tukamtazama. Naye alikuwa anatutazama. Akataja siku, nasi tukaiandika.