Kufanya, Kufaulu na "Aprobar"

Katika somo la Kihispania, kitenzi "aprobar" huja mapema, kwa kuwa ni kitenzi cha shule. Kamusi hukieleza kwa maneno mawili: kufaulu na kuidhinisha. Mwanafunzi mwenye haraka atakariri la kwanza na kwenda zake, lakini maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Asili ya kitenzi ni Kilatini, nako kilimaanisha kukiona kitu kuwa chema na kukikubali. Ndiyo maana kwa Wahispania bunge "aprueba" sheria, mwalimu "aprueba" wanafunzi, na mwanafunzi naye "aprueba" mtihani. Kiima kinabadilika, lakini wazo ni lile lile: kuna kipimo, na kuna mtu aliyekiri kwamba kimefikiwa.

Nchini Hispania kipimo chenyewe ni 5 kati ya 10, na anayekifikia hupata alama iitwayo "aprobado". Kwa asiyekifikia, Mhispania hutumia "suspender", na Mmeksiko "reprobar". Aliyetoka tu katika chumba cha mtihani bado hana haki na kitenzi chochote kati ya hivyo. Kwa Kihispania, huyo amejitokeza kwenye mtihani, basi.

Tofauti hiyo kati ya kujitokeza na kukubaliwa niliwahi kuiona ikimgharimu mtu, kabla sijajua hata neno moja la Kihispania. Ilikuwa Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Kituo cha mpito cha Kenani kilipokea maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika mwaka 2017, nami nilikuwa mmoja wao. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha Katanga, shuleni tulikuwa tumesoma kwa Kifaransa, sokoni Nchelenge palitaka Kibemba, na karatasi za serikali zilikuwa za Kiingereza. Wengi tulivuka bila vyeti. Mtu asiye na cheti hubaki na neno lake tu, na neno hilo lilipaswa kupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kuandikwa.

Jirani yangu mmoja, kijana, alikuwa amefanya Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari mwezi Juni mwaka huo, akakimbia kabla ya kujua matokeo. Kwa Kifaransa alisema bila kosa: "J'ai passé l'examen d'État." Katika Kifaransa "passer un examen" ni kufanya mtihani, hata kama utaanguka; aliyefaulu hutumia "réussir". Alipotaka kusaidia kufundisha watoto, aliandika barua ya Kiingereza na kuweka "passed". Kiingereza kilikopa kitenzi hicho kutoka Kifaransa cha kale, lakini katika habari za mitihani kikakipa maana ya kufaulu. Akaombwa diploma. Hakuwa nayo, wala hakuwahi kuiona, na aliyeisoma barua akamwona mwongo.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo Katanga tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, "mimi nimeandika ukweli."

Alikuwa ameandika ukweli wa Kifaransa kwa neno la Kiingereza. Tuliketi tukaandika barua upya: alifanya mtihani Juni 2017, na matokeo hajayapata. Barua ya pili ilimpunguzia sifa, lakini kila neno lake angeweza kulitetea mbele ya yeyote.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Tunasema kufanya mtihani, kufaulu, kufuzu na kuhitimu, na mara nyingi tunayachanganya. Kuhitimu kumetoka katika Kiarabu, kwenye neno la kutia muhuri na kukamilisha, na tangu zamani kulitumika kwa mtoto aliyemaliza kusoma Kurani. Anayeandika "alihitimu kidato cha nne" ametuambia kwamba mtu alimaliza. Alipata nini, hajasema. Halafu tuna kupita: mgombea amepita, mwanafunzi amepita, na bunge limepitisha muswada. Hapo Kiswahili kinakaribiana na "aprobar", kwa sababu katika yote matatu kuna aliyepima na kuamua, awe mpiga kura, mtahini au mbunge.

Faida niliyoipata katika kitenzi cha Kihispania ni swali la kuuliza kila kitenzi cha shule: nani anaamua kwamba tendo limetimia? Kufanya mtihani kuko mikononi mwa mtahiniwa. Kufaulu kunamhitaji mtu wa pili. Kifaransa na Kiingereza hulificha jambo hili nyuma ya neno linalofanana kwa sura, ilhali Kihispania hulionyesha wazi, kwa kuwa mwalimu mwenyewe anaweza kuwa kiima cha "aprobar".

Sisi tunaosoma Kiswahili tutaitwa kutafsiri: kambini, mahakamani, hospitalini, kwenye madirisha ya udahili wa vyuo. Mkongo akituambia kwamba "alipasi", tusikimbilie kuandika. Tumuulize kwanza kama matokeo yalitoka, kisha kama anayo karatasi. Maswali hayo hayamalizi dakika moja, na neno tutakaloliandika laweza kukaa katika faili lake miaka mingi.