Kutoka Thesalonike hata Skopje

Wasomaji wetu wengi wamelijua jina la Makedonia tangu utoto, kwa ajili ya yule mtu aliyemtokea Paulo usiku kule Troa. Lakini walimu wanaotundika ramani ukutani yawapasa kuangalia: Filipi, Thesalonike na Beroya yote imo leo katika nchi ya Ugiriki. Nchi tuliyoiendea sisi iko kaskazini yake. Ilipojitenga na Yugoslavia mwaka 1991 ilijiita Makedonia, nao Wagiriki wakakataa, wakisema jina hilo ni urithi wao. Ugomvi ukadumu hata mwaka 2018, wakuu wa pande mbili walipotia sahihi mapatano kando ya ziwa Prespa; na tangu Februari 2019 nchi hii yaitwa Makedonia Kaskazini. Labda mgeni atacheka kusikia mataifa yagombana miaka hiyo yote kwa neno moja. Sisi hatukucheka, maana tumeona koo zikigawanyika kwa jina la babu.

Kutoka Thesalonike tuliufuata mto kwenda juu. Wagiriki wauita Axios. Ukivuka mpaka wauitwa Vardar, nao ni mto ule ule, wenye urefu wa kilometa 388. Mahali paitwapo Demir Kapija, yaani Lango la Chuma kwa lugha ya Kituruki, majabali yausonga mto pande zote mbili, na njia yapita kwa shida. Kisha bonde lafunguka, ikaonekana mizabibu mingi ya Tikveš, nayo wakati ule ilikuwa imepukutisha majani kwa baridi. Nchi haina pwani hata kidogo, na watu wake hawafiki milioni 2. Upande wa magharibi, mpakani mwa Albania, uko mlima Korab wa meta 2,764, na ziwa Ohrid, ambalo kina chake chapita meta 280.

Skopje, mji mkuu, umekaa katika bonde lililozungukwa na milima. Ule wa kusini ni Vodno. Mji una watu zaidi ya 500,000. Kati yake lipo daraja la mawe lililojengwa na Waturuki katika karne ya 15. Upande mmoja ni soko la kale lenye misikiti na vichochoro, upande wa pili ni majumba mapya. Katika mji huu alizaliwa Mama Teresa mwaka 1910.

Tulikaa sana mbele ya stesheni ya zamani ya garimoshi. Ukuta wake mmoja umevunjika, na saa iliyo juu imesimama kwenye 5 na dakika 17, ndiyo saa 11 na dakika 17 alfajiri kwa hesabu yetu. Tarehe 26 Julai 1963, saa hiyo hiyo, watu wakiwa wamelala, nchi ilitetemeka. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na zaidi ya 200,000 wakakosa makao. Mataifa mengi yalileta msaada; hata askari wa Marekani na wa Urusi, ambao siku zile walitazamana kwa uadui, walifanya kazi katika mji mmoja. Kenzo Tange wa Japani akachora ramani ya kuujenga upya moyo wa mji. Saa haikutengenezwa, kwa makusudi. Wenyeji wapita chini yake wakienda kazini, na wachache tu huinua macho.

Yako pia mambo yasiyopendeza. Wakati wa baridi hewa ya baridi hukaa chini bondeni, na ile ya joto hulala juu yake kama kifuniko cha chungu. Basi moshi wa majiko ya kuni, wa motokaa na wa viwanda hauna pa kutokea. Watoto wakohoa, na mama mmoja alitwambia kwamba hafungui dirisha mpaka upepo uje. Asubuhi tulipoondoka tulitazama nyuma tuuone tena mlima Vodno, lakini hatukuuona.